Mafuta ya kukaangia katika gari la dizeli Uingereza

Ndugu, umeuliza kama huko Uingereza unaweza kuendesha gari lako la dizeli kwa mafuta yaliyokwisha kukaangiwa, na kama ung'oe kichujio cha masizi, kile kinachonasa masizi kwenye bomba la moshi, kikiziba. Sheria ya ushuru haikuzuii: tangu 2007, anayetengeneza mafuta ya gari ya aina hii chini ya lita 2,500 kwa mwaka halipi ushuru, mradi aweke kumbukumbu. Kichujio, nakusihi, usikiguse, kwani tangu Februari 2014 gari lililoondolewa kichujio hushindwa ukaguzi wa kila mwaka, na masizi hayo huishia mapafuni mwa watoto wa mtaani kwako. Mafuta ya kupikia yenyewe ni mazito mno kwa nozeli za kisasa, yaani matundu yanayonyunyiza mafuta ndani ya injini. Hata yakigeuzwa biodizeli, yaani dizeli itokanayo na mafuta ya kupikia, kwa methanoli, ambayo ni sumu inayoshika moto upesi, huweza kupenya kwenye oili ya injini wakati kichujio kinapojisafisha kwa kuchoma masizi kwa mafuta ya ziada, kwa hiyo changanya kiasi kidogo tu na dizeli ya kituoni, na ubadilishe oili mapema.