Walimu wenzangu, anzeni na mchele

Januari 2015 shule ilipofunguliwa, niliingia Kidato cha Tatu na habari moto. Mwezi mmoja nyuma, wanasayansi wa chombo cha anga cha Rosetta walikuwa wametangaza kwamba maji ya kometi (nyota yenye mkia) iitwayo 67P/Churyumov-Gerasimenko hayafanani na ya bahari zetu. Nikaandika ubaoni kwa herufi kubwa: KOMETI HAZIKULETA MAJI DUNIANI. Wanafunzi wakanakili.

Sasa nasema hivi: mada hii ya maji ya dunia yalikotoka ifundisheni kwa sinia la mchele, na hitimisho liacheni kwanza.

Kila nyumba inajua kwamba mchele wa duka hili una chuya nyingi kuliko wa duka lile. Anayeuchambua kila siku anaweza kukisia umetoka wapi. Chuya za maji ni haidrojeni nzito, ile yenye nyutroni moja kwenye kiini chake. Baharini, katika kila atomu milioni moja za haidrojeni, kama 156 tu ndizo nzito. Rosetta ilikuta kama 530. Huko nyuma, mwaka 1986, chombo cha Giotto kilipoipitia kometi ya Halley kilikuta karibu mara mbili ya bahari. Basi duka si lile, nikajisemea.

Ila mwaka 2011 darubini ya Herschel ilikuwa imepima kometi Hartley 2 ikapata kama 161. Karibu sawa na bahari! Habari hiyo nilikuwa nayo, nikaipuuza kwa sababu Rosetta ilikuwa mpya na ilinisisimua. Aibu hiyo ni yangu peke yangu.

Mwaka 2024 mwanasayansi Kathleen Mandt na wenzake wakapitia upya vipimo vya Rosetta. Waliona kwamba maji yenye haidrojeni nzito hung'ang'ania punje za vumbi. Chombo kikiwa karibu na kometi, ndani ya vumbi hilo, kinapima mvuke unaotoka kwenye punje zenyewe, hivyo chuya zinaonekana nyingi kuliko zilizomo guniani. Vipimo vya mbali zaidi viliisogeza 67P karibu na bahari zetu.

Kwa hiyo mwanafunzi akikuuliza kama maji yalitoka kwenye kometi, mrudishie swali: kometi ipi, na ilipimwa kutoka umbali gani? Mtajie pia asteroidi, ile miamba inayolizunguka jua, maana vimondo vyenye kaboni vinavyotoka huko vina maji yanayokaribiana sana na yetu, na wataalamu wengi wanaviegemea zaidi. (Kimondo cha Mbozi msikiingize hapa. Kile ni chuma. Niliwahi kukitolea mfano, binti mmoja akaniuliza maji yake yako wapi, sikuwa na jibu.)

Siku hizi ubaoni naandika namba, na pembeni ya kila namba mwaka wake na jina la kometi. Wanafunzi wanachambua mchele vikundi vikundi, wanahesabu chuya, wanabishana. Kengele ikilia, sinia linakwenda jikoni kwa mpishi wa shule, ambaye ndiye pekee asiyelalamika kuhusu somo langu.