Kabla hujavaa pedi, kaa mezani kwanza

Nyinyi mliojiunga na klabu yetu ya kriketi msimu huu hamkumkuta Mzee, mwandishi wetu wa alama. Mngemkuta pale chini ya mjakaranda, kwenye ile meza ambayo mguu wake mmoja umewekewa tofali, penseli sikioni. Mzee alituacha mwaka jana. Jumamosi iliyofuata mazishi tulifika uwanjani na mabegi yetu, tukajikuta tumesimama nje ya stoo kama watoto waliofungiwa nyumba. Ufunguo alikuwa nao yeye miaka yote. Binti yake ndiye aliyetuletea, umefungiwa kipande cha ngozi nyekundu ya mpira uliochakaa.

Kwa uchezaji hakuwa wa kutisha. Alikuwa mpigaji wa kumi na moja, yaani wa mwisho, timu ya tatu, na aliporusha mpira ulikwenda polepole hadi mpigaji akapata nafasi ya kuwaza ya nyumbani kwake kabla haujamfikia. Lakini hakuna kijana aliyepita hapa asiyekaa naye mezani angalau mechi tatu. Ndiyo ilikuwa sheria yake: kabla hujavaa pedi, zile kinga za miguu za mpigaji, utaandika alama.

Mimi nilinuna. Nilikuja kucheza kriketi Nairobi nzima inione, sio kuwa karani. Leo kitabu cha alama kiko mikononi mwangu, na nawapa yale yale aliyonipa.

Macho kwa mwamuzi, si kwa mpira. Akinyoosha mikono yote miwili pembeni, hiyo waidi, mpira uliorushwa mbali na mpigaji. Akiinua goti na kuligusa, legibai: mpira umegusa mwili wa mpigaji, si gongo, na wamekimbia. Inua mkono umjibu. Usipomjibu, hataruhusu mpira unaofuata urushwe, kwa hiyo ukiona anakukodolea macho, anayechelewesha mechi ni wewe.

Mechi yangu ya pili nilifika tamati na mikimbio, yaani alama, 183. Mwenzangu aliyeandika alama upande wa timu ya wageni alikuwa na 184. Nilianza kubisha, tena kwa sauti. Mzee hakusema neno. Alivuta kiti, akageuza kitabu kimwelekee. Alijumlisha mikimbio ya wapigaji pamoja na ziada, zile zisizotoka kwenye gongo: 183. Halafu akajumlisha mikimbio waliyotoa warushaji, akaongeza legibai na bai (mpira haukugusa gongo wala mwili, na wamekimbia) tu, kwa kuwa waidi na noboli, mpira uliorushwa kinyume cha sheria, huwa zimeshahesabiwa kwa mrushaji: 184. Akarudi nyuma ova moja moja, yaani kila mipira sita, penseli ikigusa kila nukta, mpaka ova ya 31. Mkimbio mmoja nilimwandikia mrushaji, mpigaji nikamsahau. Wakati huo nilikuwa natazama simu. Alinisahihishia, akanituma nikamwombe radhi yule mwenzangu wa wageni. Kuomba radhi kulinichoma kuliko kosa lenyewe. Tangu siku hiyo napiga hesabu zote mbili kila baada ya ova tano, na simu hubaki kwenye begi.

Alikuwa na mtego mmoja kwa kila aliyekuwa mgeni klabuni. Februari 29, 1996, mjini Pune, India, Kenya iliwaangusha West Indies katika Kombe la Dunia. Wengi hukumbuka wiketi tatu za Maurice Odumbe, yaani wapigaji watatu aliowatoa, tatu za Rajab Ali, na wale mabingwa wa zamani kutolewa wote kwa 93. Mzee alianzia kwetu: Kenya ilipata 166. "Nani alichangia nyingi?" Mgeni angetafuta, angejibu Steve Tikolo, 29. Mzee angecheka hadi akohoe. Ziada zilikuwa 37, kuliko mpigaji yeyote. Tulishinda kwa 73, angesema, sasa ondoa 37 uone. Nilimsikia akiuliza hivyo labda mara ishirini, na kila mara alifurahi kama mara ya kwanza.

Kazi nyingine mtazijulia uwanjani. Mkeka wa neti, pale tunapofanyia mazoezi ya kupiga, kwa mfano: pigilia upande mmoja kwanza, kisha watu wawili wavute ule wa pili mpaka mkunjo uishe ndipo mpigilie. Ukianza pembe nne kwa pamoja utabaki na kilima katikati, na mpira utaruka usoni mwa mtu.

Kosa alikuwa nalo, na nalisema nikimheshimu. Alifanya kila kitu peke yake. Ukimwambia akuoneshe anavyoagiza mipira au anavyopanga waamuzi, alijibu, "Wewe kacheze, mwanangu." Tulicheza. Alipoondoka ilituchukua miezi kujua nani alikuwa anamlipa mkata nyasi, na ikaonekana mara nyingi alilipa kwa pesa zake. Ndiyo maana sasa ufunguo una nakala tatu, na anayepewa kazi hapa hupewa na mtu wa kujifunza pembeni yake.

Jumamosi mechi inaanza saa nne. Stoo nitaifungua saa mbili na nusu. Nataka wawili kati yenu wawepo. Njooni na penseli, si kalamu, na kifutio. Na kwenye mapumziko, asiye mezani amletee aliye mezani chai, maana yeye ana hesabu za kulinganisha, hawezi kuinuka. Mzee alipenda ya rangi, tangawizi nyingi, bila sukari.