Mtoto mwenye hasira apewe mto aupige?

SWALI: Daktari, mwanangu ana miaka 6. Akishindwa kwenye mchezo hurusha vitu na kumpiga mdogo wake. Rafiki alinishauri nimpe mto aupige mpaka hasira ziishe. Hii ni wiki ya tatu, na naona ndiyo kwanza zinazidi. Nakosea wapi?

JIBU: Pole, mama. Ushauri huo umezoeleka sana, na umetokana na dhana kwamba hasira ni kama mvuke ndani ya chungu: usipotoka, chungu kitapasuka. Mwili hauko hivyo. Mtoto akikasirika, adrenalini, kemikali inayoutayarisha mwili kupigana au kukimbia, humwagika kwenye damu, moyo hudunda na misuli hukaza. Anapoubamiza mto, moyo unazidi kwenda mbio, na anazoea kwamba dawa ya hasira ni kupiga.

Mwaka 2002, Brad Bushman, mtafiti wa saikolojia wa Marekani, aliwapa wanafunzi wa chuo kikuu walioudhiwa mfuko wa ndondi waupige huku wakimfikiria mbaya wao. Walibaki na hasira zaidi kuliko waliokaa kimya tu. Mwaka 2024, yeye na mtafiti mwenzake Sophie Kjærvik walipitia tafiti 154 wakaona kuwa kinachoshusha hasira ni kuutuliza mwili.

Basi mkono ukiinuka kumpiga mdogo wake, uzuie na useme kwa sauti ya chini: "Umekasirika. Sikuruhusu umpige." Inatosha. Mahubiri ya wakati ule hayaingii, maana sehemu ya mbele ya ubongo inayotuzuia kukurupuka bado changa kwake. Hukomaa mtu akiwa na miaka ishirini na kitu. (Wewe na mimi tunayo iliyokomaa, na bado tunafoka.)

Somo lenyewe ni la saa za utulivu. Muulize hasira humwanzia wapi mwilini: masikio kupata moto? Ngumi? Meno? Watoto hulipenda swali hili, na anayeijua dalili yake ya kwanza hupata nafasi ya kuwahi. Kisha mfundishe pumzi. Avute kwa pua, halafu apulize taratibu kama anayetaka mwali wa mshumaa uyumbe bila kuzimika. Mshumaa ni wa kuwaziwa tu. Kutoa pumzi kwa muda mrefu kuliko kuivuta hupunguza mapigo ya moyo. Fanyeni mara tano kila jioni, akiwa anacheka, ili siku ya hasira lisiwe jambo geni.

Kwa kuwa kinachomchokoza ni kushindwa, mcheze michezo mifupi ambayo atashindwa mara nyingi. Na wewe ukishindwa, sema kwa sauti: "Nimeudhika, ngoja nipumue." Ataiga hilo haraka kuliko maelezo yoyote. Ndiyo maana pia kumchapa ili aache kupiga hakusaidii.

Akiumiza wenzake hata shuleni, au akijiumiza mwenyewe, mpeleke kwa mwanasaikolojia wa watoto. Mto urudi kitandani; akiudai, mkumbushe mshumaa.