Mwanangu, ni mkondo upi wa saikolojia ulio wa kweli?

Mwanangu,

Barua yako nimeipata, na nafurahi kujua u mzima. Umeniuliza mambo mawili. Kwanza, katika mikondo yote ya saikolojia mliyofundishwa muhula huu, upi ndio wa kweli, maana kila mmoja unaonekana umekuja kuubomoa uliotangulia? Pili, je, hojaji uliyoiandaa itatosha kuonyesha kwamba kusoma huku muziki unapigwa kunaharibu kumbukumbu? Kwangu mimi maswali haya yana mzizi mmoja, nao ni huu: nini kihesabiwe kuwa ushahidi? Ndiyo maana nayajibu pamoja.

Ukisoma habari za mikondo, usiulize nani alimshinda nani. Uliza walikubali ushahidi gani na waliukataa upi. Wilhelm Wundt alipofungua maabara yake Leipzig mwaka 1879, alitaka mambo ya akilini yapimwe kwa vyombo: kwa mfano, muda unaopita tangu mtu asikie mlio hadi abonyeze kitufe. Mwanafunzi wake Edward Titchener alihamia Marekani akaenda mbali zaidi. Yeye alitaka watu waliofunzwa wajichunguze nafsini na kuitaja kila hisi inayoijenga fikra. Huo ndio umuundo. Kilichouangusha ni kwamba watu wawili waliojichunguza wakitofautiana, hapakuwa na njia ya kumjua aliyekosea.

Jeraha hilo ndilo alilolishika John B. Watson mwaka 1913 aliposema tuache yasiyoonekana, tupime tabia. Huo ndio mkondo wa tabia. B. F. Skinner akaikamilisha kazi hiyo: mnyama ndani ya kisanduku, wenzo wa kubonyeza, chembe ya chakula kama tuzo, na hesabu ya kila mbonyezo. Usimdharau Skinner kwa sababu vitabu vinasema alipitwa na wakati. Ratiba zake za tuzo, yaani kanuni za lini na mara ngapi tuzo itolewe, zinafanya kazi hadi leo, na mtu yeyote anayejaribu kubadili mazoea anazihitaji. Ila mkondo huo ulifunga mlango mmoja kwa nguvu mno. Mwaka 1930 watafiti Tolman na Honzik waliwaacha panya wazunguke ndani ya mzingile, yaani njia zenye vichochoro vya kupotezana, siku kumi bila kupata chakula mwishoni. Siku ya kumi na moja wakaanza kuwapa. Mara moja makosa yao yalishuka, wakawa sawa na wale waliolishwa tangu siku ya kwanza. Maana yake walikuwa wamejifunza njia bila tuzo, na tabia yao ilikuwa haijalionyesha hilo. Kumbe kitu kilikuwa kimehifadhiwa kichwani.

Mkondo wa utambuzi, unaochunguza kufikiri na kukumbuka, uliopata nguvu kuanzia miaka ya 1950, uliirudisha akili darasani, lakini haukurudi kwa Titchener. Angalia vizuri hapo, ndipo penye uzuri wa somo hili. Watafiti wa utambuzi walibaki na nidhamu ya Watson ya kupima kinachoonekana, yaani muda wa kujibu, idadi ya makosa, maneno yaliyokumbukwa, kisha wakakitumia kukisia kisichoonekana. Mkondo mpya uliubomoa ukuta wa ule wa zamani na kujengea kwa matofali yale yale.

Sigmund Freud, daktari aliyeanzisha tiba ya kuzichimba fikra zilizofichika akilini, ni habari nyingine. Alijenga nadharia zake juu ya mgonjwa mmoja mmoja. Uchunguzi wa mtu mmoja huzaa mawazo kwa wingi, lakini kuyapima ni kazi ngumu: mgonjwa akikubali tafsiri, nadharia imethibitika, akikataa, anaambiwa anapinga ukweli uliofichika. Nadharia isiyoweza kukosea hata kwa bahati mbaya haitufundishi kitu. Wapo pia wa mkondo wa utu, unaomtazama mtu kama mwenye uwezo wa kukua na kujiamulia, akina Maslow na Carl Rogers, na hapa nakuomba umtendee haki Rogers: watu humkumbuka kwa upole wake, lakini alikuwa miongoni mwa wa kwanza kurekodi mazungumzo ya tiba ili wengine wayasikilize na kuyachambua.

Sasa hojaji yako. Unauliza watu kama husoma na muziki, kisha unauliza alama zao. Utakachopata ni uhusiano, kipimo kati ya -1 na +1, na hata ukiwa mkubwa hautakuambia kipi kimesababisha kipi. Huenda anayesoma na muziki anaishi penye kelele na anauweka ili kuzifunika. Kelele ndizo zinazomshushia alama. Huenda somo linamshinda, naye anatafuta muziki ili avumilie. Hojaji haiwezi kuzitenganisha njia hizo.

Tena maneno ya swali lenyewe hubadili jibu. Mwaka 1974 watafiti Loftus na Palmer waliwaonyesha watu 150 filamu fupi ya ajali. Hamsini waliulizwa kasi ya magari "yalipopondana", hamsini "yalipogongana", na hamsini hawakuulizwa kasi. Baada ya wiki moja wote waliulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Vioo havikuwepo. Waliosema waliviona walikuwa 16 katika kundi la kwanza, 7 katika la pili na 6 katika la tatu. Swali lako namba 4, "Muziki hukuvuruga kiasi gani?", limeshamwambia mtu kwamba unavuruga. Lifute.

Ukitaka kusema "unasababisha", fanya jaribio. Kigeu huru, yaani kile unachokibadilisha wewe, ni muziki, upo au haupo. Kigeu tegemezi, yaani kile unachokipima, ni idadi ya maneno yaliyokumbukwa. Tayarisha orodha ya nomino 20 za kawaida, onyesha kila neno kwa sekunde 2. Orodha ikimalizika, mpe mtu namba kama 487 ahesabu kurudi nyuma kwa tatu tatu kwa dakika moja, ndipo aandike anayokumbuka kwa dakika 3. Usiruke hesabu hiyo. Bila hiyo, maneno matatu manne ya mwisho yatakuwa bado yanamlia masikioni, na utakuwa unapima mwangwi. Usitumie orodha fupi ya maneno 8 pia: karibu wote watayapata, na tofauti haitakuwa na pa kuonekana.

Muziki uwe wimbo mmoja kwa wote, kwa sauti ile ile. Walio kwenye ukimya nao wavae vipokea sauti vya masikioni, ila visitoe sauti. La sivyo utakuwa umebadilisha mambo mawili kwa pamoja.

Ukichagua makundi mawili, gawa kwa kura. Usiwaweke waliowahi kundi la kwanza na waliochelewa la pili, kwa kuwa kuwahi na kuchelewa ni tabia, nazo huenda sambamba na mengine mengi. Na usichanganye kura hii na sampuli nasibu, yaani washiriki waliochaguliwa kwa bahati kutoka kwenye jamii nzima. Sampuli nasibu inahusu umewapataje washiriki kutoka kwenye jamii, nayo inakuruhusu kuzungumzia jamii hiyo. Kugawa kwa kura kunahusu nani anaingia kundi gani, nako kunakuruhusu kuzungumzia sababu. Wewe huna la kwanza, hivyo matokeo yako usiyapanue hadi "binadamu".

Idadi ndiyo itakayokuumiza. Tuseme tofauti ya kweli ni nusu ya mchepuko sanifu, yaani kipimo cha jinsi alama za watu zinavyotawanyika kutoka kwenye wastani, na unataka nafasi ya asilimia 80 ya kuigundua kwa kiwango cha 0.05, yaani ukikubali hatari ya mara 5 katika 100 ya kuona tofauti isiyokuwepo: unahitaji watu 64 kila kundi. Ukiwa na 15 kila kundi, kama ulivyopanga, utaigundua karibu mara moja tu katika kila nne. Kwa hiyo nakushauri kila mshiriki afanye vyote viwili, na muziki na ukimya. Kama alama za mtu katika raundi mbili zinahusiana kwa 0.5, watu 34 wanatosha. Gharama yake ni kwamba raundi ya pili mtu amechoka au amezoea. Dawa ni kuzungusha mpangilio: orodha mbili zenye ugumu sawa, nusu waanze na muziki, nusu na ukimya, na kila orodha ipite kwenye hali zote mbili. Hiyo ni mipangilio minne, kwa hiyo tafuta watu 36 ili wagawanyike sawa, tisa kwa kila mpangilio.

Anayesahihisha karatasi asijue ipi ni ya muziki. Tumia namba za siri. Farasi Hans wa Ujerumani alisifiwa kwa kujua hesabu hadi Oskar Pfungst, mwaka 1907, alipoonyesha kwamba alikuwa akisoma miondoko midogo ya mwili ya muulizaji, nayo ilitoka bila muulizaji kujua. Hakuna aliyekuwa akidanganya, na ndiyo maana jambo hili ni la hatari: nia njema haikukingi. Washiriki nao wasielezwe kabla nadharia tete yako, yaani dai unalolijaribu. Waeleze jaribio lenyewe, pata ridhaa yao kwa maandishi, wajue wanaweza kuondoka wakati wowote, kisha mwisho uwafafanulie yote.

Kabla hujakusanya chochote, andika kwenye karatasi yenye tarehe utachambua nini na nani ataondolewa kwenye hesabu. Mwaka 2015 watafiti walichapisha matokeo ya kurudia tafiti 100 za saikolojia. Asilimia 97 ya tafiti za awali zilikuwa na tofauti yenye uzito wa kitakwimu, yaani isiyoelezeka kirahisi kwa bahati tu. Katika marudio, asilimia 36 tu. Sampuli ndogo na uchambuzi uliochaguliwa baada ya kuona data ni baadhi ya sababu. Na p, ile namba ya uwezekano utakayoipata mwisho wa uchambuzi, ikiwa chini ya 0.05, usiandike kwamba nadharia tete yako ni kweli kwa asilimia 95. Maana yake ni kwamba, kama muziki hauna athari yoyote, tofauti kubwa kama hii au zaidi ingejitokeza chini ya mara 5 katika 100.

Hojaji yako usiitupe. Bakiza maswali mawili, uyaulize mwisho: je, huwa unasoma na muziki, na je, wimbo huu uliufahamu kabla? Fanya majaribio ya awali kwa watu watatu wanne, uone kama maelekezo yanaeleweka na muda unatosha. Nitumie zile orodha mbili za maneno kabla hujazichapisha, nilinganishe urefu wa maneno na ugumu wake.

Mama yako