Barua kwa mwanangu: kambi ya mjukuu wangu na usiku ule wa maji

Rau, Moshi

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Mimi ni mzima, na miguu imepungua kuuma tangu baridi ilipoanza kulegea. Ujumbe wako nimeusoma zaidi ya mara moja, na nimeona nikujibu kwa barua badala ya kukupigia simu, kwa kuwa sehemu ya jambo uliloniuliza ni deni ambalo nimekuwa nalo kwako tangu ukiwa darasa la tano.

Umeniandikia kwamba mjukuu wangu, ambaye sasa ametimiza miaka 11, ameleta nyumbani fomu ya ruhusa ya mzazi ili aende kambi ya skauti ya mkoa, siku sita mwezi Juni, nje kidogo ya mji wa Arusha. Baba yake anahofia kwamba skauti ni jeshi la watoto. Wewe hofu yako ni nyingine. Unakumbuka usiku ule wa masika ulipoamka ukakuta kiatu chako kinaelea ndani ya hema, na unauliza kama ni haki kumpeleka mtoto mahali ambapo hata mimi mama yako, nikiwa mlezi wa kundi, nilishindwa kukulinda.

Jibu langu ni kwamba umruhusu, lakini kwanza uende ukalione eneo kwa macho yako. Sababu zote mbili, ya kumruhusu na ya kwenda kuona, zimo katika usiku huohuo unaouhofia, na yapo mambo yake ambayo hukuyajua.

Tulifika kambini yapata saa kumi na moja jioni, mwezi wa Aprili. Mahali pale nilipachagua mimi. Palikuwa tambarare, penye nyasi fupi laini, karibu na barabara, hivyo lori lililobeba mahema na masufuria liliingia bila taabu. Kiongozi wa kikosi chenu alikuwa yule kijana wa Kibosho mwenye miaka 13, mkimya, ambaye babu yake alikuwa miongoni mwa wazee waliosimamia mfereji wa ukoo. Ninyi wengine mlipokuwa mkifungua kamba na kutafuta mawe ya kupigilia vigingi, yeye alichuchumaa, akapitisha kiganja juu ya nyasi, kisha akaniita. Akanionyesha kwamba nyasi zote zimelala kuelekea upande mmoja, na kwamba kwenye shina la mgunga uliokuwa hapo, kiasi cha kimo cha goti, kumenasa vijiti, majani makavu na kipande cha mfuko wa nailoni. Akaniambia, "Mwalimu, hapa maji hupita. Tuhamie pale juu penye mawe."

Nilimjibu kwamba jua linazama, watoto wamechoka, na mvua haina hata dalili. Hilo la mwisho lilikuwa kweli, kwa maana juu yetu hapakuwa na wingu. Lakini wewe umezaliwa huku na unajua kwamba mvua inayojaza makorongo ya uwandani si lazima inyeshe uwandani; hunyesha juu mlimani, kisha maji huteremka usiku na kuwakuta watu waliolala chini ya nyota. Mimi nilikuwa nalijua jambo hilo kwa kulisoma na kulifundisha darasani. Yeye alikuwa amekulia ndani yake. Wachagga walichimba mifereji kutoka kwenye mito ya mlimani tangu kabla ya wakoloni kufika, na mtoto anayetumwa na babu yake kufungua na kufunga maji ya shamba kwa zamu hujifunza kusoma ardhi mapema sawa na anavyojifunza kusoma herufi.

Hakubishana nami, akarudi kwa wenzake, mkamaliza kusimika hema, mkapika, mkaimba motoni, mkalala. Nisichokijua ni kwamba alikuwa amepanga zamu ya ulinzi na wenzake wawili wakubwa, kila mmoja akae macho kwa saa mbili na filimbi mdomoni. Ilipofika kama saa nane za usiku filimbi ikalia. Nilipotoka hemani kwangu maji yalikuwa yamefika kwenye vifundo vya miguu, na ninyi tayari mlikuwa mnapanda kuelekea kwenye mawe, kila mmoja ameshika ncha ya skafu ya aliyemtangulia, naye kijana yule amesimama nyuma na tochi akihesabu kwa sauti: mmoja, wawili, watatu. Wewe ulikuwa wa tano. Alipofika saba alirudi chini kuvisaidia vikosi vingine, na mimi mtu mzima nikawa namfuata mtoto yule nikifanya anachoniambia.

Hakuna aliyeumia. Tulipoteza unga, mablanketi yakalowa, na viatu kadhaa, kimojawapo chako, vikaenda na maji. Asubuhi niliita baraza la viongozi wa vikosi, nikasimama mbele ya watoto wale, nikasema kwamba nilionywa na sikusikia, na kwamba kosa lote ni langu. Wewe hukuwa kiongozi, hivyo hukuwepo. Mliporudi nyumbani, wazazi wenu niliwaambia tu kwamba mvua ilitukuta. Sikuwaambia kwamba nilionywa, na hata wewe sikukuambia, mwaka ule wala miaka yote iliyofuata. Hilo ndilo deni lenyewe, na ninaomba unisamehe kwa kulichelewesha hivi.

Sasa tazama kilichowaokoa. Mlezi alikosea, lakini kikosi kilikuwa na kiongozi ambaye kweli alikuwa kiongozi, mtoto aliyeamini kwamba watu saba wako mikononi mwake, akafanya kazi hiyo hata baada ya mkubwa wake kumpuuza. Jambo hilo halikuzuka kwa bahati. Baden-Powell, Mwingereza aliyeanzisha skauti, alipofanya kambi yake ya kwanza ya majaribio katika kisiwa cha Brownsea, Uingereza, Agosti 1907, alikuwa na wavulana wapatao 20 tu, baadhi yao watoto wa matajiri kutoka shule za bweni na wengine watoto wa wafanyakazi wa miji ya karibu. Aliwachanganya, akawagawa katika vikosi vinne vilivyopewa majina ya ndege na wanyama, na kila kikosi akakiwekea kiongozi wa rika lao. Asubuhi aliwaamsha kwa kupuliza pembe la tandala alilolipata vitani katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe. Huwa napenda kukumbuka kwamba sauti ya kwanza ya kambi ya skauti duniani ilitoka kwenye pembe la mnyama wa Afrika. Mwaka uliofuata akatoa kitabu chake, na ndani ya miaka michache mwendo huo ukavuka bahari hadi huku kwetu. Zanzibar uliingia mwaka 1912, Tanganyika mwaka 1917, na mwaka 1963 chama chetu kikapokelewa katika shirika la skauti duniani. Mengi yamebadilika katika muda huo, lakini kikosi kidogo chini ya mtoto mwenzao kimebaki, na mimi baada ya miaka yangu yote ya ulezi naamini kwamba kikiondolewa hicho, kinachobaki ni watoto waliovaa sare tu.

Neno skauti lenyewe maana yake ni yule anayetangulia mbele ya wenzake kuitazama njia, kisha akarudi kuwaeleza alichokiona. Ndiyo maana watoto hufundishwa kusoma nyayo na kuacha alama za njia kwa vijiti na mawe. Baden-Powell alifariki Januari 1941 huko Nyeri, Kenya, chini ya Mlima Kenya, na kwenye jiwe la kaburi lake imechongwa alama moja ya njia: duara lenye nukta katikati, ambayo kwa skauti humaanisha nimekwenda nyumbani. Niliposimama mbele ya baraza asubuhi ile, nilifikiri kwamba kijana wa Kibosho ndiye skauti pekee aliyekuwepo jana yake jioni, kwa kuwa ndiye pekee aliyeitazama ardhi kabla ya kuilalia.

Kuhusu hofu ya baba yake, usiipuuze, maana ina chanzo. Mwanzilishi alikuwa jenerali, na wazo la kuwaamini vijana kazi za watu wazima lilimkaa zaidi alipoona wavulana wakipeleka ujumbe wakati mji wa Mafeking, huko Afrika Kusini, umezingirwa vitani, mwaka 1899 hadi 1900. Sare zipo, saluti ipo, na gwaride lipo. Huku kwetu nadhani gwaride limezidi, kwa sababu kila sherehe ya kitaifa na kila mgeni rasmi anahitaji watoto wa kumpangia mstari, na baadhi ya walezi wamefika mahali pa kudhani kwamba hiyo ndiyo kazi nzima. Basi mwambie baba yake aombe ratiba ya siku sita aisome. Akikuta asubuhi na jioni ni kwata, yuko sahihi, na mtoto abaki nyumbani. Akikuta watoto wanapika wenyewe kwa vikosi, wanatafuta njia kwa dira na ramani, wanajifunza mafundo na huduma ya kwanza, wanapanda miti au kusafisha chanzo cha maji, na jioni viongozi wa vikosi wanakaa barazani kusema siku ilikwendaje, hiyo ni kambi.

Sehemu ya watu wazima nayo uipime kwa ukali, na usione haya kuuliza. Yaliyotokea Korea Kusini Agosti 2023 bado yananiuma. Vijana zaidi ya 40,000 kutoka pande zote za dunia walikusanyika mahali paitwapo Saemangeum kwa jambori, yaani kambi kuu ya skauti wa dunia nzima, ambayo hufanyika kila baada ya miaka minne, na familia nyingi zilikuwa zimechangisha fedha kwa muda mrefu ili mtoto wao afike. Eneo lilikuwa ardhi iliyotwaliwa kutoka baharini, tambarare, bila miti ya kivuli, na maji ya mvua yalituama bila pa kwenda. Joto liliwaangusha mamia ya watoto, Uingereza na Marekani wakaondoa vijana wao mapema, na kimbunga kilipokaribia wote waliosalia wakahamishwa kabla siku za kambi hazijaisha. Nilipokuwa nikitazama taarifa ya habari niliiona tena nyasi ile iliyolala upande mmoja. Watoto walifika wakiwa tayari. Walioamua mahali pa kuwalaza ndio hawakuwa tayari, kama mimi.

Kwa hiyo ukifika pale eneo la kambi, simama mahali mahema yatakapokaa, uangalie maji yatatoka wapi na yataelekea wapi. Uulize maji ya kunywa yanachotwa wapi na nani anayachemsha, vyoo viko umbali gani na jiko na vina mwanga usiku, na kituo cha afya cha karibu ni kipi na gari gani litalala kambini. Juni Arusha ni baridi kali, na mjukuu wangu ana pumu, hivyo dawa yake ya kuvuta iwe mfukoni mwake, na ya akiba ikabidhiwe kwa mlezi, ambaye umweleze wewe mwenyewe ana kwa ana namna ya kuitumia. Kisha uulize lile ambalo wazazi wengi huona aibu kuliuliza: nani analala wapi. Wavulana na wasichana wawe na mahema yao mbalimbali, mtu mzima asilale hema moja na watoto, wala asiwe peke yake na mtoto mahali pasipoonekana, na mtoto ajue kwa jina ni nani atakayemwendea akiona jambo lisilo sawa. Shirika la skauti duniani lina sera ya kumkinga mtoto na madhara, na mlezi aliyefunzwa vizuri atakujibu bila kukunja uso. Akikasirika kwa kuulizwa, chukua fomu yako urudi nayo nyumbani.

La mwisho, ambalo mimi ningelianza nalo, omba kumwona kiongozi wa kikosi cha mwanao, huyo mtoto mwenyewe. Muulize wenzake ni wangapi, majina yao, na nani kati yao anaogopa giza. Halafu mtazame mlezi wakati mtoto anajibu, kama anamwacha amalize au anamkatiza na kujibu kwa niaba yake. Mimi ningemkatiza, miaka ile.

Niambie siku utakayokwenda, nami nitapanda basi la asubuhi nije tuongozane. Mchukue na mjukuu wangu, na tukifika tusiseme neno kwanza, tumwache azunguke eneo lile mwenyewe, halafu atuambie yeye hema lisimame wapi. Blanketi lile zito la kijivu nimelifua, liko kambani linakauka, nitakuja nalo.

Mama yako akupendaye