Cuba ilikwama wapi?

SWALI: Mhariri habari za kazi, mi huwa najiuliza, karibu makoloni yote ya Hispania kule bara la Amerika yalishajitoa kufikia miaka ya 1820, sasa Cuba ilikwama wapi mpaka 1898? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Salama ndugu yangu. Mwangalie jirani yake, Haiti. Mwaka 1791 watumwa wa Saint-Domingue (ndo Haiti ya leo), koloni la Ufaransa lililoongoza duniani kwa sukari, waliamka wakachoma mashamba, na 1804 wakawa nchi huru. Matajiri wa Havana wakaona vitu viwili kwa mpigo, hela na hofu. Sukari imeadimika, bei inapanda, na Francisco de Arango y Parreño, mwakilishi wa matajiri hao, yuko Madrid anaibembeleza serikali iruhusu watumwa waingizwe kwa wingi, yaani jirani anaungua we unaona dili! Wakimbizi Wafaransa nao wakashukia Santiago, mashariki mwa Cuba, wakapanda kahawa milimani, ila 1809 wengi wakafukuzwa kisa Napoleon, mtawala wa Ufaransa, kavamia Hispania, wakaishia New Orleans.

Hofu ndo ikafunga siasa. Kadri watumwa walivyoongezeka ndo wenye mashamba walivyotaka askari wa mfalme wakae karibu, uhuru wakauogopa, maana watumwa wakiamka nani atawalinda? Na kweli, 1812 José Antonio Aponte, seremala mweusi asiyekuwa mtumwa, alinyongwa kwa kupanga uasi, na kwake walikuta kitabu cha michoro chenye wafalme weusi, hicho kiliwatisha kuliko panga. Utumwa wenyewe Cuba uliisha 1886.