Mpe mwanasesere uzito kwa sauti
Ndugu, umeuliza kwa nini mwanasesere wako wa udongo anaonekana hana uhai kwenye filamu ya stop-motion (unamsogeza kidogo, unapiga picha, tena na tena) ingawa umepiga picha 12 kwa kila sekunde ya filamu. Picha hizo zinatosha kabisa. Kinachokosekana ni sauti. Mwekee kishindo kizito kila anapokanyaga, atakuwa jitu. Mwekee mchakacho wa karatasi, atakuwa mdudu, na hujagusa picha hata moja! Jaribu pia kukata muziki wote anapofungua mlango, usikike mlio wa bawaba tu. Hapo mtazamaji ataanza kuogopa. Ila kama mhusika anaongea, rekodi maneno yake kabla ya kupiga picha, maana midomo ndiyo hufuata sauti, picha kwa picha.